Vipimo vya hali ya hewa: tuma vyote kwa mkupuo mmoja

Kama una ESP32 (kompyuta ndogo yenye WiFi) yenye sensa ya hali ya hewa ya BME280 inayotuma vipimo ThingSpeak (huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi vipimo na kuvichora kwenye grafu), usitume halijoto peke yake, kisha unyevu, kisha mgandamizo wa hewa. Akaunti ya bure hupokea ujumbe mmoja kila sekunde 15 kwa chaneli, yaani sehemu ya akaunti inayohifadhi vipimo vyako. Ukituma mitatu mfululizo, wa kwanza unaingia na miwili inapotea. Chaneli moja ina nafasi 8 za vipimo, basi weka vipimo vyote kwenye ombi moja.

Halafu soma jibu! Seva hurudisha namba ya rekodi; ikirudisha 0, hakuna kilichohifadhiwa. Wengi wetu tukiona WiFi imeunganika tunaridhika, kumbe usiku mzima haumo kwenye grafu.

Mtandao ukikatika, hifadhi vipimo pamoja na muda vilipochukuliwa, uvitume baadaye kwa pamoja. Andika muda ukiwa na +0300 ya Afrika Mashariki, maana bila hiyo ukisomwa kama UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kipimo cha saa sita mchana kitaonekana cha saa tisa alasiri. Mimi hutuma kila dakika 10, na betri inadumu zaidi.