Mambo ya kupanga kabla mafundi wako hawajaulizwa cheti cha chanjo getini

Getini saa moja kasorobo asubuhi, watu 14 wamepanga foleni na vifaa begani, si mahali pa kujadili sheria. Hilo nililijua Desemba 2021, siku chache kabla ya Krismasi, nilipopeleka mafundi wa rangi, wa umeme na akina mama wa usafi kwenye jengo moja la Upper Hill, Nairobi. Wapangaji walikuwa wamefunga ofisi, nasi tulikuwa na siku kumi za kumaliza kazi. Tukakuta amri mpya: hapiti mtu bila kuthibitisha kwamba amechanjwa Covid.

Bawabu alikuwa na daftari kubwa lililochorwa mistari kwa mkono. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, chanjo ndiyo au hapana, na safu ya mwisho iliyoandikwa "sababu". Kila aliyefika mezani aliyasoma ya waliomtangulia. Waliokuwa na kadi za chanjo, kadi zao zilipigwa picha kwa simu ya bawabu mwenyewe, ile ile anayopigia familia yake. Ikafika zamu ya mama mmoja wa usafi. Alikuwa hajachanjwa, akanyamaza. "Sababu ni gani, mama?" Akaulizwa mara tatu, foleni nzima ikisikiliza. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mjamzito. Alikuwa hajamwambia hata mama mkwe wake. Hakuruhusiwa kuingia, na jioni alipofika nyumbani Kayole, habari zilikuwa zimemtangulia.

Kosa langu katika siku ile ni kwamba sikuwa nimepanga lolote. Niliona chanjo ni jambo la serikali na hospitali, halihusu mtu anayenunua rangi Industrial Area na kulipa vibarua Jumamosi. Kumbe sisi wakandarasi wadogo ndio tunaosimama katikati: mwenye jengo anatudai habari za watu wetu, na watu wetu wanatutegemea tusiwaanike. Covid imepungua, lakini ugonjwa wa mpox ulipothibitishwa nchini Julai 2024, msimamizi mmoja wa jengo alinipigia simu kuuliza kama watu wangu "wako sawa". Nilimuuliza anataka kujua nini hasa, na nani amemtuma aulize. Hakuwa na jibu. Mazungumzo ya namna hiyo hufaa kufanywa mapema, kwenye simu, kabla ya foleni.

Kwanza ujue amri imetoka wapi. Mwaka 2021 amri zilikuwa nyingi na hazikulingana, na watu walizichanganya. Mwezi Agosti, Mkuu wa Utumishi wa Umma, Joseph Kinyua, aliwapa watumishi wa umma hadi tarehe 23 wawe wamechanjwa, la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. Hiyo iliwahusu watumishi wa umma, na fundi wa mkandarasi hawi mtumishi wa umma kwa sababu tu anapaka rangi kuta za wizara. Kisha tarehe 21 Novemba, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba, mwenye kutaka huduma za ana kwa ana katika ofisi za serikali atapaswa kuonyesha uthibitisho wa chanjo, na biashara zinazohudumia watu 50 au zaidi kwa siku zidai vivyo hivyo. Tarehe 14 Desemba, Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu akaisimamisha amri hiyo kesi ikisubiri kusikilizwa. Karatasi iliyobandikwa kwenye geti letu haikutaja sheria yoyote, haikuwa na saini wala tarehe. Nilipouliza, bawabu alinijibu kwa adabu, "Madam, hizi ni amri za juu." Simlaumu, hata yeye hakuambiwa juu ni wapi.

Basi ukipewa kazi wakati wa janga, omba masharti ya kuingia kwa maandishi, yakiwa na jina la anayeyatoa. Kama ni sheria ya serikali, itajwe. Kama ni sharti la mwenye jengo, liingie kwenye mkataba kabla ya kutia saini, lisije kuzaliwa getini siku ya kazi. Sisemi kwamba mwenye jengo hana haki ya kujali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika anayeshikilia mahali pa kazi, awe mwenyewe au la, wajibu wa kulinda usalama na afya ya watu wote wanaofanya kazi hapo, na mafundi wa nje wamo. Mtu mwenye jengo lenye mamia ya watu anapoogopa maambukizi, hofu yake ni ya kweli. Tunachobishana ni namna anavyouliza na anachofanya na majibu.

Hapo ndipo penye uzito, na hapo nitakaa kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Kifungu cha 46 kinasema habari za afya zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au chini ya usimamizi wake, au na mtu anayefungwa na sheria kutunza siri. Hata pale maslahi ya afya ya umma yanapohitaji habari hizo, bawabu mwenye daftari lililo wazi mezani si mmoja wa watu hao. Kifungu cha 32 nacho kinagusa ridhaa: anayedai kwamba mtu aliridhia ndiye anayepaswa kuthibitisha, na mtu anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Tena katika kupima kama ridhaa ilitolewa kwa hiari, huangaliwa kama mkataba ulifungwa kwa sharti la kutoa habari ambazo kazi yenyewe haizihitaji. Fikiria kibarua aliyetoka Mukuru alfajiri kwa nauli ya kukopa. Ukimwambia "toa habari zako kwa hiari au urudi nyumbani", hiari yake iko wapi?

Kwa hiyo kaa na msimamizi wa jengo mapema muulizane jambo moja: anahitaji kujua nini hasa ili alinde watu wake? Mara nyingi jibu ni fupi kuliko fomu yake. Anahitaji kujua kwamba kila anayeingia ametimiza sharti. Hahitaji namba ya kitambulisho pamoja na aina ya chanjo, tarehe za dozi na sababu za asiyechanjwa. Utaratibu ninaoutumia sasa ni huu. Mimi ndiye ninayeviona vyeti, mmoja mmoja, faraghani, na mwenye cheti huondoka nacho. Sipigi picha, sitoi nakala. Jengo linapata barua yangu yenye majina ya wanaoruhusiwa kuingia na neno moja tu, kwamba wametimiza masharti tuliyokubaliana. Kama masharti yanakubali kipimo badala ya chanjo, barua haisemi nani alichanjwa na nani alipimwa. Kwa watu wangu nimelifupisha: onyesha, usiache.

Msimamizi akisisitiza kuona mwenyewe, aone. Cheti kifunguliwe kwenye simu ya mwenyewe, kitazamwe, kifungwe. Usikubali kabisa kundi la WhatsApp ambalo kila mtu anatuma picha ya cheti chake. Nimeona kundi kama hilo likiwa na watu ambao kazi yao ilishaisha miezi mingi, wakiendelea kumiliki vyeti vya wenzao kwenye simu zao.

Wewe pia una wajibu wako hapa. Wengi wetu tunafarijika kwamba kanuni zilizofuata sheria hii zinamwachia asijiandikishe kwa Kamishna wa Data yule mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Msamaha huo ni wa kujiandikisha tu. Habari za watu zikipotea mikononi mwako, sheria bado inakuhusu. Anayeamua zikusanywe na zitumike vipi anapaswa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 pale uvujaji unapowahatarisha wenye habari, na anayezishughulikia kwa niaba ya mwingine amjulishe huyo mwingine ndani ya saa 48 inapowezekana. Simu yenye orodha ikiibwa kwenye matatu, saa zimeanza kuhesabiwa. Ndiyo maana orodha yangu ni karatasi moja, ndani ya kabati lenye kufuli, na sina nakala kwenye simu.

Halafu kuna hesabu ya siku, ambayo watoa amri huisahau. Chanjo za kwanza za Covid kufika Kenya Machi 2021 zilikuwa za AstraZeneca, dozi mbili. Nafasi kati ya dozi ilifikia wiki 12, na kinga huhesabiwa kamili wiki mbili baada ya dozi ya mwisho. Jumlisha upate wiki 14. Mtu aliyeambiwa wakati ule awe amechanjwa kikamilifu ifikapo mwisho wa mwezi hakuweza, hata angekimbilia hospitali ya Mbagathi saa ile ile. Johnson & Johnson ya dozi moja ilipokuja ilipunguza mzigo, lakini fundi hakuchagua, alichomwa iliyokuwepo siku hiyo. Kwa hiyo masharti yaseme wazi kama dozi ya kwanza inatosha kuingilia, na kama ujumbe wa simu unakubaliwa wakati cheti bado hakijatoka kwenye Chanjo, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Wawili kati ya watu wangu walikuwa wamechanjwa zote mbili na vyeti vyao havikuonekana kwenye mfumo. Walirudishwa nyumbani pamoja na ambao hawakuchanjwa kabisa.

Panga pia siku ya kuumwa. Mkono huvimba, wengine hupata homa usiku na hawawezi kupanda ngazi kesho yake. Usipeleke mafundi wote wa umeme kuchanjwa siku moja kabla ya kufunga nyaya.

Pesa zizungumzwe bila haya. Nani analipa siku ambayo kibarua amekaa kwenye foleni ya chanjo? Kipimo cha Covid cha maabara, PCR, wakati ule kilikuwa kinakula mapato ya siku kadhaa za kibarua, na majengo mengine yalikidai kila wiki. Sharti likitoka kwa mwenye jengo, gharama yake iwe kwenye bei ya kazi tangu siku ya kutoa makadirio. Mimi sikuiweka, nikabanwa kati ya kumkata mtu aliyekuwa tayari anapata kidogo na kulipa mwenyewe. Nililipa, na kazi ile haikuniachia kitu. Weka pia kipengele kinachoeleza kwamba masharti ya kuingia yakibadilika katikati ya kazi, siku zilizopotea hazihesabiwi kuwa ucheleweshaji wako.

Kuhusu wasiochanjwa, tafadhali usiwe hakimu. Mmoja anaogopa, mwingine ana imani yake, mwingine ana maradhi ambayo ameyaficha miaka mingi. Swali la "kwa nini hujachanjwa" linaonekana dogo, lakini linaweza kumlazimisha mtu aseme ujauzito, saratani au virusi vya Ukimwi mbele ya watu, na juu ya virusi vya Ukimwi kuna sheria yake ya 2006 inayokataza kufichua hali ya mtu bila idhini. Usiulize sababu. Uliza swali moja: "Dada, kuna kazi nyingine ninaweza kukupa wakati huu?" Nilikuwa na nyumba ya kupakwa rangi Donholm, tupu, madirisha wazi. Yule mama angeweza kwenda huko tangu asubuhi ile kama ningejua mapema kwamba Upper Hill hapatapitika, na asingesema neno lolote kwa mtu yeyote.

Vyeti vya kununua nitavigusia kwa ufupi. Vilikuwepo, na shinikizo la ghafla ndilo lililovipa soko. Ukigundua kimoja, zungumza na mwenyewe peke yake kwanza.

Jambo la mwisho ni lile ambalo karibu wote hulisahau: habari hizo zitakaa wapi kazi ikiisha? Sheria inataka data isihifadhiwe kupita muda wa shughuli iliyoombewa. Andikeni kwenye mkataba tarehe ya kuziharibu na nani atathibitisha.

Nililisahau mimi mwenyewe. Mwaka 2023, miezi michache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mwezi Mei kwamba dharura ya Covid imekwisha, nilirudi jengo lile kubadilisha soketi za orofa ya pili. Bawabu alikuwa mwingine. Daftari lilikuwa lile lile, jalada limechakaa, sasa linatumika kuandikia namba za magari ya wageni. Nilifungua nyuma nikakuta kurasa zetu zote, majina, vitambulisho, na kwenye safu ya mwisho neno "mjamzito" limepigiwa mstari chini. Nilipanda hadi ofisi ya msimamizi, nikamwonyesha, nikakaa kitini nikisubiri. Alizichana kurasa zile nne mbele yangu, akazipitisha kwenye mashine ya kukatakata karatasi, kisha akaniandikia barua ya mistari mitatu kwamba zimeharibiwa. Jioni nilimpigia yule mama nikamsomea barua hiyo. Mtoto alikuwa analia nyuma yake, akaniomba nisubiri, akarudi kwenye simu, akaniambia niisome tena.