Trekta la zamani linamisi: tafuta silinda mbovu kabla hujagusa pampu

Mvua za kwanza zikishashuka Tabora, mwezi wa Novemba hivi, simu za mafundi hazilali. Trekta lililokaa chini ya mwembe tangu mavuno limewashwa, limefuka moshi, na sasa linamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta ipasavyo: linatetemeka na kukosa nguvu. Mwenye shamba la tumbaku Urambo au jaruba la mpunga Igunga anataka kulima leo, si kesho. Fundi wa kwanza kufika anatoa spana na kwenda moja kwa moja kwenye pampu ya dizeli. Hapo ndipo hela inapoanza kupotea. Pampu ni ghali, inahitaji mtambo maalumu wa kuipimia, na mara nyingi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye mafuta machafu, hewa iliyopenya, nozeli moja (ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda) iliyochoka, au valvu ambazo hazijasetiwa kwa misimu mingi.

Nitafuata Massey Ferguson 135 na 240, zenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda 3. Ukiwa na 290 ya silinda 4, au trekta lingine la dizeli la umri huo, utaratibu haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa boloti na vipimo.

Kabla ya yote, liegeshe mahali tambarare, gia huru, breki ya mkono imefungwa, magurudumu yamewekewa magogo, jembe liko chini. Na jambo moja ambalo vijana wa gereji hulichukulia poa: dizeli inayotoka kwenye nozeli ina mgandamizo wa zaidi ya mara 150 ya hewa ya kawaida. Inatoboa ngozi. Usiweke kamwe kiganja mbele ya nozeli au paipu inayovuja ili kuonja nguvu yake. Mtu akitobolewa, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, apelekwe hospitali papo hapo.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha tazama moshi

Muulize dereva maswali kabla hujaushika mtambo. Inamisi asubuhi tu kisha inatulia ikipata moto? Inamisi kwenye silensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, lakini ukiongeza mafuta inanyooka? Au inakwenda vizuri nusu saa, halafu inakufa taratibu katikati ya shamba? Kila jibu linakupeleka mahali tofauti. Inayokufa taratibu karibu kila mara inakosa mafuta. Inayomisi ikiwa baridi na kutulia ikipata moto ina mgandamizo dhaifu wa hewa kwenye silinda mojawapo, au nozeli inayodondosha.

Tofautisha pia kumisi na kupanda-kushuka. Kumisi kuna mdundo: tak, tak, pengo, tak, tak, pengo. Injini inayopaa yenyewe kisha kushuka, kupaa na kushuka, mara nyingi ina hewa kwenye mafuta, au gavana ya pampu (sehemu inayodhibiti mwendo wa injini) ina tatizo. Anza na hewa.

Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli ambayo haikuungua, yaani kuna silinda inayopokea mafuta lakini haichomi. Moshi mweupe usiowasha, unaoendelea hata injini ikiwa ya moto huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia ndani. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na kwa trekta la huku kwetu linalokula vumbi la kiangazi miezi mitano, kabla hujalaumu chochote fungua kwanza bakuli la oili la kichuja hewa. Utakuta tope. Osha bakuli na wavu wake kwa dizeli, acha vikauke, weka oili safi hadi alama. Usizidishe alama, maana injini inaweza kuivuta hiyo oili.

Hatua ya 2: Mafuta

Dizeli nyingi vijijini inafika kwa madumu. Dumu lililokuwa na maji, au lililoachwa wazi usiku wa mvua, linatosha kuliharibu trekta. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, fungua boloti ya chini ya filta, jaza nusu, iache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini na utauona mstari. Ukiona maji, usihangaike na filta peke yake. Mwaga tenki lote, lisuuze kwa dizeli safi, ndipo ufunge filta mpya. Pampu ya dizeli ya aina hii, ya kampuni ya CAV, inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Maji yanaiotesha kutu, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaisaga.

Sasa kifuniko cha tenki. Kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na nyigu wanaojenga kwa udongo wanakipenda sana kitundu hicho wakati trekta limesimama. Kikiziba, mafuta yanatoka tenkini huku hewa haiingii, pampu inavuta hadi inashindwa. Jaribio lake ni rahisi: injini ikianza kufa, legeza kifuniko. Ukisikia hewa inaingia kwa mluzi na injini ikafufuka, umepona bila kununua kitu. Zibua kwa waya mwembamba. Nimeona watu wakibadilisha filta mbili na pampu ya kuvutia mafuta kwa sababu ya udongo wa nyigu.

Kagua pia mpira wa mafuta kutoka tenkini. Uliozeeka unalainika na kujikunja kwa ndani, kwa nje unaonekana mzima.

Hatua ya 3: Hewa

Hapa wengi wanapotea, kwa sababu wanatafuta mahali panapovuja dizeli. Kati ya tenki na pampu ya kuvutia (ile ndogo inayoleta mafuta kutoka tenkini), mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Kwa hiyo penye ufa upande huo hapatoki mafuta, panaingia hewa. Pakavu kabisa, na ndipo penye ugonjwa. Njia ya uhakika ni kufunga kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu kubwa, yaani ile ya dizeli inayolisha nozeli. Washa, tazama. Mapovu yakipita mfululizo, rudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea tenkini, ukibana na kubadilisha washa (pete za kuzibia).

Filta yenyewe ni mshukiwa mkubwa. Ile ya CAV ina raba juu na chini ya kikombe, na kiraba kidogo kwenye boloti ya katikati. Filta mpya huja na raba zake, lakini fundi mwenye haraka huacha raba ya zamani imeganda kichwani na kuweka mpya juu yake. Chokoa ya zamani kwa mbao, usitumie bisibisi. Na boloti ya katikati ibane kwa kiasi, kwani kichwa cha filta ni aluminiamu na nyuzi zake hukatika.

Kutoa hewa kuna mpangilio. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, pampu kwa mkono kwa kile kipini cha pampu ya kuvutia hadi mafuta yatoke bila povu, funga. Hamia kwenye pampu kubwa: kuna skrubu ya hewa ubavuni na nyingine juu, kwenye kifuniko cha gavana. Anza ya ubavuni, malizia ya juu. Kipini kikiwa chepesi hakisukumi kitu, usiseme pampu imekufa. Kamu ya injini imesimama mahali palipoinua mkono wake, zungusha injini raundi moja ujaribu tena. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli mbili, kizimio (kipini cha kuvuta cha kuzimia injini) kikiwa kimerudishwa ndani na mkono wa mafuta uko juu, piga stata hadi mafuta yaruke, kaza. Usipige stata zaidi ya nusu dakika kwa mkupuo, ipumzishe.

Trekta nyingi zinapona hapa. Kama lako bado linamisi, endelea.

Hatua ya 4: Silinda ipi?

Washa, iache kwenye silensa. Vaa miwani, funika nati ya paipu ya nozeli ya kwanza kwa kitambaa kinene, ilegeze nusu raundi. Silinda iliyokuwa inafanya kazi ukiinyima mafuta, injini itashtuka, sauti itashuka. Kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu. Ile ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo haifanyi kazi. Ni kama kuita majina darasani, asiyeitika ndiye hayupo.

Angalia pia kinachotoka pale ulipolegeza. Mafuta yanadunda vizuri lakini silinda imekufa: tatizo liko mbele, yaani nozeli, valvu au ringi za pistoni. Yanatoka na povu: rudi hatua ya 3. Hayatoki kabisa: paipu imeziba au pampu haipeleki.

Usipotaka kulegeza chochote, kuna njia nyingine. Injini ikiwa baridi kabisa, washa kwa dakika moja au mbili kisha dondosha maji kidogo kwenye manifodi ya eksozi mbele ya kila silinda. Pale maji yanapokauka polepole kuliko kwingine ndipo pasipochoma.

Hatua ya 5: Badilishana nozeli

Usinunue nozeli bado. Toa ya silinda mbovu na ya silinda nzima, zibadilishane nafasi. Tatizo likihama na nozeli, nozeli ndiyo mbovu. Likibaki palepale, nozeli haina hatia.

Osha eneo lote kabla ya kutoa, kwa sababu mchanga ukidondokea kwenye tundu unaingia silinda. Ziba ncha za paipu. Ukishatoa nozeli, chungulia kwa tochi ndani ya tundu: washa ya shaba ya zamani mara nyingi hubaki chini. Ukiweka mpya juu yake, nozeli inakaa vibaya na mgandamizo unavuja kwa kufoka. Weka washa mpya moja tu, kisha kaza nati mbili za nozeli kwa kupokezana, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, unaipinda.

Nozeli iliyothibitika mbovu ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Inatakiwa kutoa ukungu mwembamba, sio mchirizi, na isidondoshe baada ya kufunga. Ncha pekee inaweza kubadilishwa, mwili ukabaki uleule, na hilo linapunguza gharama. Wanaokuambia ununue seti nzima kwa sababu moja imechoka, waombe kwanza wazipime zote mbele yako.

Hatua ya 6: Valvu na mgandamizo

Kosa likibaki kwenye silinda ileile, toa kifuniko cha valvu. Kwa AD3.152 nafasi kati ya ncha ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, sawasawa kwa valvu za kuingiza na za eksozi. Zungusha injini kwa spana kwenye boloti ya puli ya mbele, kizimio kimevutwa. Kwa kila silinda: valvu ya eksozi inapoanza tu kufunguka, seti ya kuingiza, ya kuingiza inapokaribia kufunga kabisa, seti ya eksozi. Fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukikuta valvu haina nafasi kabisa, umempata mwizi: haifungi, na mgandamizo unatorokea hapo. Kagua pia fimbo za kusukuma kama kuna iliyopinda, na kama oili inafika juu.

Baada ya hapo pima mgandamizo kwa geji ya dizeli, ile ya petroli itapasuka. Usiiabudu namba yenyewe, linganisha silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana, tia oili kijiko kimoja kidogo kwenye silinda hiyo, pima tena. Ikipanda, ringi au bloku zimelika. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, weka dau kwenye gasketi. Hapo kazi si ya chini ya mwembe tena. Hedi ishushwe, ipelekwe kwa mtu wa mashine akaipime kama imepinda.

Hatua ya 7: Pampu, mwisho

Umefika hapa na silinda haipokei mafuta, au injini inagonga kwa ukali na kufuka moshi tangu mtu fulani aifungue pampu. Kabla ya kuitoa, tafuta alama mbili zilizochorwa: moja kwenye flanji (ukingo wa kufungia) ya pampu, nyingine kwenye bamba la injini. Zinatakiwa kutazamana. Kama zimeachana, legeza nati za flanji, zungusha pampu taratibu hadi zikutane, kaza. Zikiwa sawa na tatizo lipo, itoe nzima na uipeleke kupimwa. Usifungue lakiri wala skrubu ya kuongeza mafuta ili kulipa trekta nguvu. Litapata moshi mweusi na joto, na pistoni ndiyo italipa.

Ukimaliza, usilirudishe kwa mwenyewe kwa kuliwasha pale pale na kusikiliza tu. Lifunge jembe, lilime mistari michache, maana injini inayonyooka ikiwa tupu inaweza kumisi ikibeba mzigo. Lizime, liache lipoe, pitia tena nati za nozeli na viungo vya filta kwa spana, na kesho yake mwaga kidogo chini ya filta uone kama kuna maji mapya.