Kabla hujavuka bahari kwenda kupanda treni Dar

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, kisha Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo huo, safari za watu wa Unguja na Pemba kwenda bara zimebadilika. Zamani ukishuka boti ulikuwa unatafuta basi, na Dodoma unaingia usiku, mwili mzima unauma. Sasa reli inakufikisha kwa muda wa saa nne hivi, kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Wanaipanda wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, wafanyakazi wenye shughuli za Muungano, na kina mama wanaokwenda kuwalea mabinti zao waliojifungua. Lakini kati ya bandari ya Malindi, Unguja, na kiti chako ndani ya behewa kuna mambo mengi ya kuharibika, na mengi yake yanaharibika kwa sababu mtu aliondoka nyumbani hakujipanga. Basi jipange.

Kitambulisho kwanza. Chukua chenyewe, kopi iache. Kama unacho cha NIDA, kile cha taifa, hicho ndicho cha treni. Na cha Mzanzibari Mkaazi usikiache nyumbani, maana utakitaka kwenye boti ili ulipe nauli ya mkaazi. Majina ya kwenye tiketi yafanane na ya kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu anaweza kuishi miaka hamsini kwa jina la utani, mtaa mzima haujui jingine. Ukimkatia tiketi bibi yako, mwombe kitambulisho ukisome, usiandike jina unalomwita.

Tiketi kata mapema, kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na ukishapata kontroo namba lipa pale pale. Ijumaa, Jumapili, siku za Bunge na wiki ya Idi usitegemee kukuta kiti dirishani. Nauli zilizotangazwa 2024 kwa daraja la kawaida ni shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, na mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu. Treni za haraka, zinazosimama vituo vichache, zina bei yake. Angalia unakata ipi.

Saa za kwenye tiketi ni za kizungu. 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri, 18:00 ni saa kumi na mbili magharibi. Isome mara mbili, halafu mpe na mwengine aisome.

Jua unakwenda stesheni ipi. Dar kuna stesheni ya zamani ya reli ya kati, ile reli iliyoanzwa na Wajerumani 1905 ikafika Kigoma 1914. Kuna ya TAZARA, iko mbali na mji, Barabara ya Nyerere, na treni zake zinakwenda njia ya Mbeya mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Na kuna hii mpya ya SGR, jengo la vioo lililochongwa kwa mfano wa tanzanaiti, karibu na ile ya zamani. Ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke stesheni" bila kutaja ipi, umejitakia mwenyewe. Na wakati naandika haya, SGR inabeba abiria hadi Dodoma. Vipande vya kwenda Tabora, Isaka na Mwanza bado vinajengwa. Anayekwambia utashuka Mwanza kwa treni ya umeme hajui.

Sasa lile kubwa.

Visiwa vyetu viliwahi kuwa na treni. Reli ya Bububu ilifunguliwa 1905, ikawa inatoka mjini hadi Bububu, maili saba hivi, na kufikia 1930 ilikuwa imekwisha. Kabla yake Sayyid Barghash alikuwa na reli yake ya kwenda Chukwani. Waliozipanda wote wamekwisha kufa. Sisi tuliobaki tumezoea daladala, na daladala la Amani au Fuoni ukilipungia mkono linarudi nyuma kukuchukua. Ndiyo maana mtu wa kwetu anapanga safari ya treni kama anavyopanga kwenda Mkokotoni: boti inafika saa fulani, treni inaondoka saa fulani, katikati kuna nafasi, basi yatosha. Haitoshi.

Jirani yangu wa Mwanakwerekwe alikuwa anakwenda Dodoma kumlea binti yake, uzazi wa kwanza. Mie nilikuwa Dar kwa shughuli zangu, nikaenda bandarini kumpokea. Tiketi zote mbili alikatiwa na mwanawe wa kiume: boti ya asubuhi, treni ya kabla ya adhuhuri. Kwenye simu hesabu ilikuwa nzuri. Boti ni saa mbili za njiani, na kutoka bandarini hadi stesheni si mbali, mtu mwenye begi moja anakwenda kwa miguu.

Lakini ilikuwa Julai, kusi limeshika. Boti ilichelewa kung'oa, na huko kwenye mkondo ikapunguza mwendo. Alishuka amesawijika kwa kutapika, mkononi ana mkoba tu. Mizigo mingine yote mahamali wa Malindi walikuwa wameipakia kwenye sehemu ya mizigo, kwa hiyo tukasimama kuisubiri. Mizigo inatolewa kimoja kimoja, watu wamebanana, kila mtu ananyoosha kidole chake. Likatoka begi. Likatoka kapu la vitu vya mzazi, liwa na mafuta ya nazi na kanga mbili mpya. Ikatoka ndoo nyeupe ya samaki wa kukaanga, kifuniko kimefungwa kwa utepe uliochanwa kwenye kanga kuukuu. Utepe umelegea na mafuta yanachuruzika ubavuni. Mwisho kabisa ikatoka televisheni, mpya, ndani ya boksi lake, zawadi ya mkwe.

Televisheni ndiyo iliyotuweka. Mizigo inayotoka Zanzibar inakaguliwa kwa mambo ya ushuru, na boksi jipya halipiti bila kuulizwa. Risiti iko wapi? Risiti iko Mwanakwerekwe, ndani ya kabati. Tukapiga simu, ikatafutwa, ikapigwa picha, ikaja haisomeki, ikapigwa nyingine. Yule ofisa hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anauliza anachotakiwa kuuliza. Ikafanywa hesabu ya kulipa, tukalipa, tukapewa karatasi. Kutoka hapo tukatafuta bajaji ya kubeba ndoo, kapu, begi na boksi, tukaingia kwenye foleni ya Barabara ya Sokoine, jua la utosi.

Tulipofika, mlango wa abiria ulikuwa umefungwa. Treni yenyewe ilikuwa bado iko ndani, tunajua iko ndani. Kijana wa mlangoni hakubishana nasi, alituonyesha saa ya ukutani. Mama wa watu akakaa juu ya lile boksi la televisheni, akaniuliza: "Leo ndiyo wanamruhusu hospitali. Nani atamkanda?" Sikuwa na la kumjibu. Treni zilizobaki za siku ile zilikuwa zimejaa, ikabidi akatiwe tiketi nyingine ya kesho yake. Alilala kwa ndugu zake Mbagala, samaki wakaliwa huko huko, na binti usiku wake wa kwanza nyumbani na kichanga aliupitisha na mume na jirani wa kupanga.

Kwa hiyo nisikilize. Usiifunge treni kwenye boti. Kama unaweza, vuka siku moja kabla ulale Dar kwa ndugu. Mzanzibari asiye na ndugu Dar ni wa kutafutwa kwa tochi. Kama huwezi, panda boti ya asubuhi na treni ya jioni, na ziachane kwa saa tano au zaidi, ukihesabu kuanzia saa ambayo boti inatakiwa kufika. Stesheni uwe umeshafika saa mbili kabla ya kuondoka, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na wa kitambulisho, na mlango unafungwa kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka.

Mzigo ufanye mdogo. Begi moja unaloweza kulibeba mwenyewe ukakaa nalo kwenye boti litakuokolea zaidi ya nusu saa pale bandarini. Kitu kipya chochote, iwe televisheni, feni, simu au vyombo vya umeme, kiende na risiti yake ya karatasi, iwe mfukoni mwako, isiwe ndani ya begi lililo chini ya mabegi ya watu. Na kama zawadi si ya lazima, mpe mkwe pesa anunue Dodoma. Kwenye treni nako mzigo una kiwango chake cha uzito, na visu, mapanga, mafuta ya taa na mitungi ya gesi usijaribu hata kuvikaribisha. Hata mbuzi ya kukunia nazi iache. Ina chuma chenye meno na mkaguzi hatakuwa na haja ya kujua inakuna nini. Samaki kama ni lazima, watie kwenye chombo cha mfuniko wa kukaza kwa mzunguko, juu yake mfuko, juu yake mfuko mwengine.

Bahari itazame kabla hujakata tiketi ya treni. Kusi linavuma kuanzia kama Mei hadi Septemba, na Juni mpaka Agosti ndiyo lenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa siku chache mbele, zinasomwa redioni na zinazunguka kwenye simu. Ukiisikia tahadhari hiyo, vuka mapema au badilisha siku ya treni. Na boti ikiahirishwa, usiende kugombana na watu wa ofisi kwamba una treni. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, kusi hili hili, ikiwa inatoka Dar kuja kwetu, na nyumba nyingi hapa bado zina mtu aliyekuwa ndani ya boti ile. Treni ipo kesho.

Watu wa Pemba, ongezeni siku nzima nyingine. Boti kutoka Mkoani au Wete hazina wingi wa za Unguja, na ikikosekana moja umekosa zote. Mgonjwa mwenye miadi ya daktari Dodoma asitoke Pemba chini ya siku tatu kabla, labda kama anapanda ndege Chake Chake.

Mkifika huko, stesheni za SGR haziko katikati ya mji kama mnavyodhani. Ya Morogoro iko Kihonda, ya Dodoma iko Mkonze. Ukiingia usiku, mtu wa kukupokea awe ameshafika, au uwe umeshauliza bei ya usafiri. Dodoma mwezi wa Juni na Julai usiku kuna baridi, mtoto wa Unguja hajaijua. Beba sweta, na la mtoto mchanga pia.

Mengine ni ya kawaida lakini watu wanayasahau. Simu ichajiwe usiku, na namba ya tiketi iandikwe kwenye karatasi pia. Anayejitolea kukusaidia kulipa kwa simu yako usimkabidhi simu. Mchukuzi mpatane bei kabla hajagusa mzigo. Dawa za kila siku ziwe kwenye mkoba, zisiwe kwenye begi. Anayetapika baharini asile chakula kizito asubuhi, lakini asivuke na njaa. Wazee wasiokuwa wakazi wa miji mikubwa waelezwe mapema kuhusu ngazi za umeme: pindo la buibui likusanywe mkononi, mtoto ashikwe, na mwenye hofu aende kwenye lifti, hakuna aibu. Ukishakaa kitini, mpigie anayekusubiri umwambie namba ya behewa lako.