Orodha ya Mbegu Mtandaoni: Ipange Mtu Aone Anachotafuta

Kwa misimu kadhaa nimekuwa mtunza orodha ya mbegu wa kikundi cha wapenda mimea hapa Morogoro. Hatulipwi. Wanachama wanavuna, wanaleta bahasha, sisi tunaziandika, na anayetaka anaomba. Akiwa mbali, bahasha inapanda basi. Mbegu hazikuwahi kutusumbua kama orodha yenyewe. Watu walikuwa wanaifungua, wanaishia njiani, halafu wananipigia simu kuuliza kitu ambacho kimo humo humo, mstari wa arobaini.

Hivi ndivyo tulivyoipanga upya. Unahitaji Google Sheets (programu ya majedwali ya mtandaoni), kompyuta, simu janja ya bei ya chini na jioni tatu hivi.

Hatua ya 1: Bahasha moja, mstari mmoja, namba moja

Mchicha uliovunwa Kilosa na mchicha uliovunwa Mvomero ni mistari miwili, hata kama kwa macho ni mbegu zile zile. Kila mmoja uwe na namba yake. Mbegu ikiisha, namba inakufa nayo; usiihamishie kwenye mbegu nyingine, kwa sababu kuna mtu bado ana bahasha ya zamani kabatini imeandikwa namba hiyo. Anza na herufi, mfano B017. Sisi tulianza kwa mtindo wa 5-12, programu ikazigeuza kuwa tarehe, na tukapoteza Jumamosi nzima kuzirudisha.

Hatua ya 2: Majina

Hapa ndipo penye kazi, usipakimbilie.

Orodha yetu ya kwanza ilifuata alfabeti. Sasa hebu taja miti na mboga unazozijua: mbuyu, mkwaju, mlonge, mninga, mpingo, mvule, mwarobaini, mchicha, mgagani, mlenda. Umeona? Ngeli yetu ya M-MI inaisukuma karibu orodha yote kwenye herufi moja. Mtu anasogeza kidole kwenye M mpaka anasahau alichofuata. Na kuna ambaye kichwani mwake hana mti, ana tunda. Anatafuta ukwaju au ubuyu, anakwenda kwenye U, hakuti kitu, anafunga.

Kwa hiyo acha alfabeti. Panga kwa matumizi: mboga za majani, mikunde, matunda, miti ya mbao na kivuli, maua. Ndani ya kila kundi alfabeti haina madhara, maana mistari ni michache.

Kisha ongeza safu ya "Majina mengine", na humo mwaga kila jina ulilowahi kusikia. Mlonge uwe pia mronge. Mwarobaini uwe pia muarobaini. Mkwaju na ukwaju wakae mstari mmoja. Mgagani kwa Wakisii ni chinsaga, kwa Wajaluo ni dek. Mchicha mashariki ya Kongo ni lengalenga. Usichague lililo sanifu ukatupa mengine. Hii ni orodha ya mbegu, si mtihani wa Kiswahili.

Jina la kisayansi nalo lina safu yake, kwa sababu "mgunga" peke yake humaanisha miti kadhaa. Ila wataalamu nao hubadilisha majina. Mgunga uliokuwa Acacia tortilis sasa ni Vachellia tortilis, baada ya mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 kuliacha jina Acacia kwa miti ya Australia. Wazee wetu wa misitu bado wanaandika Acacia, na vitabu vyao pia. Weka jina jipya kwenye safu yake, la zamani lipeleke kwenye majina mengine.

Hatua ya 3: Yale ambayo mtu huuliza kabla ya kuomba

Imevunwa lini, wapi, na inaoteshwaje. Basi.

Andika mwezi na mwaka, si "mpya". Mbegu ya mwarobaini ikikaa ovyo hupoteza uhai ndani ya wiki chache, kwa hiyo ya mwaka jana usiiorodheshe kabisa. Mgagani ni kinyume chake: mbegu iliyovunwa juzi mara nyingi hugoma kuota, inataka ipumzike miezi kama mitatu. Kabla hatujaandika hivyo, tulilaumiwa sana kwamba tunagawa mbegu zilizokufa.

Mahali pa kuvuna paandikwe pamoja na mwinuko. Maharage ya Lushoto, mita 1,400 hivi, hayana mkataba na joto la Tanga mjini.

Maelezo ya kuotesha yawe sentensi moja. "Mlenda: funga kwenye kitambaa, chovya maji yaliyochemka sekunde chache, panda." Anayetaka zaidi atapiga simu, na hapo simu ina maana.

Hatua ya 4: Iangalie kwa simu

Kwenye kompyuta safu nane zinapendeza. Kwenye simu zinaonekana tatu. Hizo tatu za mwanzo ziwe jina, kama ipo au imekwisha, na namba. Mengine yafuate kulia. Gandisha mstari wa vichwa ili mtu akishuka asipotee. Picha usizibandike ndani ya orodha, zinakula bando. Na PDF achana nayo, siku ya pili tu imeshapitwa.

Hatua ya 5: Ichapishe, lakini kwa uangalifu

Kwenye kompyuta, nenda Faili, kisha Shiriki, kisha Chapisha kwenye wavuti. Utapata kiungo kinachofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na ukibadilisha kitu, chenyewe kinajisasisha baada ya dakika chache. Angalia hapa: isipoelekezwa, programu huchapisha faili zima. Chagua ukurasa wa orodha peke yake. Bora zaidi, majina na namba za simu za waliotoa mbegu viwe kwenye faili jingine kabisa, ambalo halichapishwi kamwe.

Juu ya orodha andika mistari miwili tu. Wa kwanza: "Kutafuta, bonyeza vidoti vitatu vya kivinjari, kisha Tafuta kwenye ukurasa." Wengi hawajui kama hicho kitu kipo. Wa pili: "Tunatuma ndani ya Tanzania tu." Mbegu kuvuka mpaka hudai kibali cha nchi inayopokea na cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na mamlaka za afya ya mimea: kwetu TPHPA, Kenya KEPHIS. Kikundi cha kujitolea hakiwezi kukimbizana na hayo kwa kila bahasha ya kunde.

Hatua ya 6: Mpe mtu simu, unyamaze

Tafuta mwanachama ambaye hakushiriki kuipanga. Mpe simu, mwambie atafute mbegu anayoitaka kweli, kisha funga mdomo. Usimwonyeshe. Kila anapokwama, andika.

Mimi nilimpa mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Alitaka mnavu, nami nilijua upo, bahasha mbili nzima. Akaandika "mnafu". Hakuna kilichotokea. Akaandika tena, taratibu, "mnafu", akanirudishia simu: "Mwanangu, hamna." Jioni ile ile nikaongeza mnafu kwenye majina mengine, na managu la Wakikuyu pembeni yake.