Unayemuuguza mzee nyumbani, jiangalie na wewe

Mgeni akija kumkagua mgonjwa akakuuliza "kuna la kusaidia?", usimjibu "hapana, tunashukuru". Mpe kazi yenye saa: "Kesho baada ya alasiri njoo ukae naye hadi magharibi, nami nikalale." Kwetu Unguja na Pemba watu hawana uzito wa kuja, wengi hawajui tu wafanye nini zaidi ya kuleta uji na kuomba dua.

Anayeuguza huchoka kimyakimya. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Mtu mmoja hawezi kulibeba hilo mwezi baada ya mwezi, hata awe na mapenzi kiasi gani. Dalili inayonitia hofu zaidi ni pale unapoanza kumkaripia mama kwa sababu kamwaga maji kitandani, kisha unajifungia chooni kulia. Nyingine ni usingizi kukupaa hata ukipata nafasi, na kusahau dawa zako za presha huku zake unazikumbuka kwa dakika.

Ukifika hapo, itisha kikao cha ukoo mugawane zamu za usiku, wanaume wakiwemo. Aliye Dar au Muscat atume pesa za pampasi na za kumlipa msaidizi. Na huzuni isipokuachia kwa wiki 2, nenda hospitali kwa ajili yako mwenyewe.