Minivani ya zamani inachemsha? Pitia haya kabla hujakubali hedi (kichwa cha injini) ifunguliwe

Wakuu, hii ni kwa wenye minivani za zamani ambazo injini iko chini ya siti za mbele, kina TownAce Noah za 1996 mpaka 2001, Mazda Bongo Friendee, Delica L300 na ndugu zao. Injini nyingi za hizi gari zinakufa kwa joto, na ukifuatilia unakuta chanzo kilikuwa kitu kidogo tu, kifuniko cha rejeta au mpira uliochoka, ila mwenye gari akaendelea kuongeza maji kila asubuhi mpaka siku hedi ikapinda.

Tuanze na ile siku mshale wa joto unapanda ukiwa barabarani. Zima AC, washa hita mpaka mwisho na feni yake juu kabisa, najua utaungua na joto ndani lakini hita ni kama karejeta kadogo, inatoa joto kwenye injini. Tafuta pa kusimama. Mshale usiposhuka ndani ya kama dakika moja zima injini kabisa na usijiambie "nimebakiza kidogo tu nifike", maana hedi nyingi ni za alumini na alumini ikizidiwa joto inapinda haraka. Halafu jamani msifungue kifuniko cha rejeta ya moto. Kile kifuniko kinashikilia presha ya karibu bar 0.9 mpaka 1.1, ndo maana maji mle ndani yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua presha inaachia na yanaruka yote usoni kwako. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa mkono. Na maji ya baridi usimimine kwenye injini ya moto, inaweza kupasuka.

Sasa kutafuta tatizo. Swali la kwanza ambalo hata fundi mzuri atakuuliza ni inachemsha wakati gani. Ikichemsha kwenye foleni ila ukikimbia inatulia, angalia upande wa feni. Ikichemsha mlimani au ukikimbia mwendo mrefu na foleni haina shida, mara nyingi rejeta imeziba ndani au maji hayazunguki vya kutosha. Ikipanda mapema dakika chache tu baada ya kuwasha na ukigusa rejeta bado ya baridi, mshuku themostati, kile kivalvu kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, imegoma kufunguka. Na kama mshale uko juu lakini hita inapuliza baridi, maji yamepungua au kuna hewa imenasa.

Hiyo ya hewa niiongelee kwa kirefu maana ndo inayowatesa wengi. Kwenye hizi minivani rejeta iko mbele, injini iko chini ya siti, na nyingi zina hita ya nyuma, kwa iyo kuna mabomba marefu yanapita chini ya gari na hewa ina sehemu nyingi za kujificha. Mtu anabadilisha mpira, anajaza maji mpaka juu, anafunga, anaondoka, baada ya safari moja inachemsha tena halafu anaambiwa gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imekufa. Kumbe hewa tu. Jaza hivi: injini ikiwa baridi, pandisha pua ya gari kwa jeki na stendi au paki kwenye mwinuko ukiangalia juu, weka kigingi matairini, washa hita zote mbili kwenye moto, fungua skrubu au kimpira cha kutolea hewa kama gari yako inacho, mimina taratibu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza kadiri yanavyoshuka, minya minya mpira wa juu kwa mkono, utaona mapovu yanatoka. Endelea mpaka themostati ifunguke, nyingi ni kati ya nyuzi 82 na 88, utajua kwa sababu mpira wa pili wa rejeta nao unapata moto na hita zote zinapuliza moto wa kweli. Hapo ndo funga. Usikimbilie, inaweza kuchukua nusu saa nzima na ni sawa.

Kifuniko chenyewe kiangalie raba yake, ikiwa imekakamaa au imekatika badilisha, ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye huu mfumo na watu wanakiruka. Mipira iminye yote hata ile ya chini ya siti, ikiwa laini kama imeiva au ina nyufa itoe. Wota pampu, ile inayosukuma maji yazunguke, ina katundu kadogo cha kutolea maji, ukikuta alama za maji yaliyokauka hapo sili imeanza kuachia, na ukishika puli ukatikisa ikacheza, beringi imeisha.

Themostati itoe uichemshe kwenye sufuria yenye maji na kipimajoto uone inafunguka kwa nyuzi ngapi. Usikubali itolewe moja kwa moja gari itembee bila hiyo! Mimi nilifanyiwa hivyo na fundi mmoja, gari ikawa inakunywa mafuta, asubuhi inachelewa kupata moto, na kwenye mlima bado ikachemsha. Kuna injini ambazo themostati ndo inaziba njia ya mkato, ukiitoa maji yanajizungukia humo humo kwenye injini bila kupita vya kutosha kwenye rejeta. Nilikuja kuweka mpya na kusafisha rejeta, ikatulia.

Feni ya umeme, washa AC uone kama inazunguka. Ile ya klachi, inayozungushwa na injini yenyewe, zima injini ikiwa ya moto halafu izungushe kwa mkono, ikizunguka yenyewe raundi nyingi bila kukaza klachi imekwisha.

Baada ya hayo yote ndo uiongelee gasketi ya hedi. Dalili za kweli ni maji kupungua bila kuvuja popote, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, mpira wa juu kukakamaa kama jiwe dakika chache tu toka uwashe injini ya baridi, moshi mweupe wenye harufu tamu tamu, au oili kwenye stiki ya kupimia kuwa kama chai ya maziwa. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, safari fupi fupi nazo zinauleta. Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, ikigeuka njano kuna moshi wa injini unaingia kwenye maji. Omba hicho kwanza. Hedi ikishatoka lazima ipimwe kwa rula iliyonyooka na vipimo vyembamba, injini nyingi kikomo ni kama 0.05 mpaka 0.1 mm, ikizidi inasagwa. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kufanya kazi mara mbili. Na bolti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu.

Ukimaliza weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, sio ya bomba, yanaacha ukoko na kutu. Iliyomwagika ikusanye, ina utamu na ni sumu kwa watoto na wanyama. Kesho yake asubuhi gari ikiwa baridi fungua uangalie, kawaida itakuwa imeshuka kidogo, ongeza, rudia siku tatu nne. Ikiendelea kushuka baada ya hapo kuna mahali panavuja, toa siti uangalie na tochi.