Kabla ya kudai komini mpya: namna ya kusoma uongozi wa Lubumbashi

Mtaro ukiziba Lubumbashi, Kongo, mpakani mwa komini mbili (sehemu za mji zenye uongozi wake), wakaaji wa kila upande huenda kwa burgumesta wao, mkuu wa komini, na kujibiwa kwamba kazi ni ya wenzao. Mvua ya Novemba ikishaingia nyumbani, mazungumzo huhama: komini igawanywe, au zote ziunganishwe chini ya meya mmoja mwenye nguvu. Kubadili mpaka ni kazi ndefu ya kisheria, na mara nyingi haigusi mtaro hata kidogo. Mpaka uje mwisho. Anza na kazi moja.

Ikate kazi vipande

Usiandike "takataka za mji". Andika: kuzitoa nyumbani, kuzifikisha mahali pa kukusanyia, kuzipakia na kuzisafirisha, kuzitupa. Mbele ya kila kipande weka maswali manne: nani anaamua, nani analipa, nani anafanya kwa mikono, nani anakagua. Karatasi moja inatosha. Ukikuta nafasi tupu, au majina mawili katika nafasi moja, umeshapata tatizo lenyewe. Kwa takataka, pengo mara nyingi hukaa katikati: vijana wa mkokoteni wanalipwa na kila nyumba, lakini hakuna anayelipia lori la kuondoa rundo walilolimwaga.

Jua nani ana mkono wa kisheria

Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa utu wa kisheria mji, komini, sekta na utawala wa kimila. Kartie, yaani mtaa ndani ya komini, haimo. Shefu wa kartie anakujua kwa jina na barua yake inasaidia, lakini hana bajeti wala hawezi kufunga mkataba. Kumdai barabara ni kumwonea.

Lubumbashi ina komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe inayozizunguka nyingine. Komini inashika soko la kiwango chake, usafi na njia ndogo. Mji unashika mifereji mikubwa ya kukusanya maji na masoko ya mji mzima. Halafu kuna mashirika ya taifa: maji ni REGIDESO, umeme ni SNEL, barabara za mji na mifereji yake hutengenezwa na OVD. Meya anaweza kuyaita mkutanoni, ila hawezi kuyaamuru, maana wakubwa wao wako Kinshasa. Hapa ndipo madai mengi hupotea: watu wanaandamana mbele ya ofisi ya mji kwa ajili ya transfoma.

Kumbuka pia njia ya kura. Mwananchi anamchagua mshauri wa komini, kama ilivyofanyika tarehe 20 Desemba 2023. Kwa sheria, washauri hao ndio wanaochagua baraza la mji, na baraza hilo linamchagua meya. Kwa hiyo mtu wako wa kumbana ni mshauri wa komini.

Fuata pesa kabla ya kuchora ramani

Katiba ya 2006 inaziachia provensi 40% ya mapato ya kitaifa, na sheria ya 2008 inazipa miji, komini, sekta na tawala za kimila 40% ya fungu hilo. Piga hesabu: katika kila faranga 100, 16 zingefika chini. Zinazofika kweli ni chache kuliko hizo, na hazina ratiba. Ndiyo maana bajeti ya komini iliyojengwa juu ya fungu hilo peke yake huanguka kabla mwaka haujafika katikati.

Kwetu Katanga kuna fungu jingine, nalo ndilo linalogeuza hesabu. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2018, mrabaha wa madini (malipo ya mgodi kwa madini unayoyatoa) unagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% provensi, 15% eneo ambamo mgodi unachimba, 10% akiba ya vizazi vijavyo. Mgodi ukiwa ndani ya komini yako, 15% ni yenu. Kamalondo haina mgodi, na mitaro yake inapitisha maji yale yale ya mvua. Anayedai Annexe ikatwe vipande aulize kwanza mgodi utabaki kipande gani, maana vipande vingine vitazaliwa na ofisi, mishahara na muhuri, bila mapato.

Chagua dawa ndogo kwanza

Ya kwanza ni makubaliano ya maandishi kati ya komini mbili, yaliyopitishwa na mabaraza yote mawili, yenye kiasi ambacho kila upande unatoa na siku ya kukitoa. Bila siku, ni salamu tu. Ya pili ni kuipandisha kazi kwa mji, pamoja na pesa zake. Kazi ikipanda na pesa zikabaki chini, mtaro utaziba vilevile. Mpaka ni ya tatu.

Miji mingine imeshajaribu kubadili mipaka. Montréal, Kanada, iliunganishwa na miji yote ya kisiwa chake mwaka 2002. Baada ya kura za maoni za 2004, miji 15 ilijitoa mwaka 2006, lakini polisi na zimamoto vilibaki vya pamoja. London ilifutiwa serikali yake ya jiji zima mwaka 1986. Ilipopata meya mwaka 2000, alipewa usafiri na mipango mikubwa, na kukusanya takataka kukabaki kwa wilaya zake. Johannesburg iliunganishwa kabisa Desemba 2000, kwa sababu nyingine: mipaka ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imetenga mapato na wakaaji maskini. Kama ndilo tatizo lenu, kuunganisha kuna maana.

Peleka dai kwa wakati wake

Bajeti ya komini huingizwa ndani ya bajeti ya provensi, na gavana huikagua. Kikao cha bajeti cha bunge la provensi hufunguliwa tarehe 30 Septemba. Barua inayofika Novemba, mvua ikiwa imeanza, inasubiri mwaka mzima. Ifikishe Juni au Julai: ukurasa mmoja, urefu wa mtaro kwa mita, gharama kutoka kwa fundi wa OVD, na ile karatasi ya maswali manne. Toa nakala tatu, moja kwa mshauri, moja kwa burgumesta, na ya tatu ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa.